Namba ya Kisandukuni na Namba ya Kibaoni: Maswali ya Wasomaji kuhusu Vifaa vya Karakana

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaofungua karakana ndogo nyumbani: chumba kimoja, meza moja, chuma cha kawaida cha unene wa milimita 2 hadi 6. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Seti ya vipande 150

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nimetenga fedha za kuanzia karakana ya kutengeneza milango, meza na rafu za chuma. Dukani nimeoneshwa seti ya vipande 150 ndani ya mkoba mmoja. Niichukue, au ninunue kimoja kimoja?

JIBU: Nunua kimoja kimoja. Fungua mkoba huo uhesabu mwenyewe: sehemu kubwa ya vile vipande 150 ni vichwa vya bisibisi na soketi ndogo za milimita 4 hadi 9, ambazo mtengeneza milango anaweza kukaa mwaka mzima bila kuzigusa. Spana za kila siku zimo moja moja tu, wakati bolti na nati yake huhitaji spana mbili za saizi ileile, moja ishike kichwa na nyingine izungushe nati. Chukua spana zenye upande mmoja wazi na upande mmoja ringi kuanzia milimita 8 hadi 19, kisha ongeza ya pili ya 13, ya 17 na ya 19. Bolti ya M8, yaani yenye kipenyo cha milimita 8, hufunguliwa kwa spana ya 13, ya M10 kwa 17 au 16, ya M12 kwa 19 au 18, kutegemea kiwango kilichotumika kuitengeneza. Mashine zilizotengenezwa Japani mara nyingi hutaka 12, 14 na 17 kwa bolti hizohizo, kwa hiyo usiziruke saizi za katikati. Soketi ziwe za pembe 6. Za pembe 12 hushika bolti kwenye ncha za kona, na bolti yenye kutu ikikaza, kona hulika na kichwa huwa duara. Spana malaya nunua moja nzuri ya inchi 10, lakini iwe ya dharura.

Fedha iliyobaki ipeleke kwanza kwenye vifaa vinavyoshika na vinavyopima. Chuma unachokichomelea husinyaa kinapopoa na kuvuta kiungo upande wa mshono, na fremu isiyobanwa itapinda hata kama mkono wako ni mzuri. Klempu nne ndizo za chini kabisa, mbili za umbo la F zenye urefu wa milimita 300 na mbili za umbo la G. Ukiweza kununua sita, nunua sita. Kagua parafujo ya klempu: nyuzi nene za mraba au zenye mabega hudumu, nyuzi nyembamba kama za bolti ya kawaida hujaa matone ya moto na kukwama.

Skwea ipime kabla ya kuilipia. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari, igeuze upande wa pili, kisha chora tena kutoka nukta ileile. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana, kosa la skwea ni nusu ya mwachano huo. Mwachano wa milimita 1 juu ya urefu wa milimita 200 unaonekana mdogo, lakini kwenye mlango wa mita 2 ni kukosea kwa milimita 5, na komeo halitaingia. Futikamba nayo usiikatae kwa sababu ndoana ya mwisho inachezacheza. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi: husogea kwa unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe sawa unapoivuta na unapoisukuma.

Vingine ni vya kawaida: nyundo ya kichwa duara ya gramu 500 hadi 700, tindo, senta panchi, msumeno wa chuma, brashi ya waya, nyundo ya kubandulia slagi (ganda linalobaki juu ya mshono), na tupa tatu (bapa ya milimita 250 yenye meno makali, nusu duara, na duara). Tupa hukata ikisukumwa mbele tu. Anayeikandamiza wakati wa kurudi hufuta meno yake mwenyewe. Paka chaki kwenye meno kabla ya kazi, na vumbi la chuma halitang'ang'ania.

Jiliwa linalolegalega

SWALI: Jiliwa langu jipya la inchi 4 likifunga kitu huinuka upande mmoja, na vipande vidogo vinaponyoka. Je, ni mimi ninayelifunga vibaya?

JIBU: Sivyo. Taya inayosogea ina nafasi kubwa mno ndani ya njia yake, na hilo ni kosa la uundaji ambalo hungeweza kuligundua likiwa limefungwa. Kabla ya kununua, fungua taya mpaka milimita 75 hivi, shika taya ya mbele, itikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Mchezo mdogo haukosekani hata kwenye majiliwa mazuri, ila ukiuona kwa macho kutoka hatua moja, liache. Funga tena kwenye karatasi moja kila pembe ya taya: karatasi zote zinapaswa kubanwa kwa pamoja.

Kwa jiliwa ulilo nalo, angalia kama lina bolti ndogo au kibamba cha kukazia njia chini yake, ukikaze kidogo kidogo. Kama hakuna, unapobana kipande upande mmoja wa taya, weka kipande kingine cha unene uleule upande wa pili ili taya isipinde.

Mengi ya bei ya chini ni ya chuma cha kusubu, ambacho hupasuka kwa kugongwa. Kazi ya kupigia nyundo ifanyie kwenye kipande kizito cha reli au bamba nene, usiifanyie mgongoni mwa jiliwa. Lifunge mezani kwa bolti za M10 au M12 zinazopita mpaka chini ya ubao, zikiwa na washa pana. Parafujo za mbao hazitoshi. Taya ya nyuma itokeze kidogo nje ya ukingo wa meza ili bomba refu liweze kusimama wima bila kugonga meza. Kimo kiwe hivi: simama, kunja mkono, na juu ya taya kulingane na kiwiko chako.

Inveta mbili, namba mbili

SWALI: Shikamooni. Nimeona mashine mbili za kuchomelea za aina ya inveta. Moja ni nyepesi, nafuu, na ubavuni imeandikwa 250 kwa herufi kubwa. Nyingine imeandikwa 160 na ni ghali zaidi. Sielewi kwa nini ndogo izidi kubwa. Na je, umeme wa nyumbani utaibeba?

JIBU: Marahaba. Namba kubwa ya ubavuni imewekwa ili iuze. Namba inayokuhusu iko nyuma au chini ya mashine, kwenye kibao chenye jedwali. Tafuta alama hizi: U1 ni volti zinazoingia, I1max ni ampea nyingi zaidi itakazovuta kutoka ukutani, I2 ni ampea za kuchomelea, U0 ni volti za holda (kishikio cha elektrodi) kabla hujagusa chuma, na X ni asilimia ya muda wa kazi.

X ndiyo inayofichwa mara nyingi. Hupimwa kwa vipindi vya dakika 10, hewa ikiwa na joto la nyuzi 40. Mashine yenye X ya 30% kwenye ampea 160 inachomelea dakika 3, kisha inapumzika dakika 7. Kibao kizuri kina safu mbili au tatu: ampea kwa asilimia ndogo, ampea kwa 60%, na ampea kwa 100%, yaani zile inazozimudu bila kupumzika. Ukilinganisha mashine mbili, linganisha safu ya 60% kwa safu ya 60%. Hapo ndipo "250" nyingi huporomoka.

Upo pia ukaguzi wa hesabu ambao hauhitaji chochote zaidi ya simu. Kwa kuchomelea kwa elektrodi, yaani vijiti vya kuchomelea, volti za kazi hukadiriwa kuwa 20 ukijumlisha ampea mara 0.04. Ampea 250 zinahitaji volti 30, yaani wati 7,500. Sasa tuseme kibao cha mashine hiyo kinaonesha I1max ya ampea 20 kwa volti 230. Kinachoingia ni 230 mara 20, yaani 4,600. Hakuna mashine inayotoa zaidi ya ilichopokea. Hata isingepoteza chochote njiani, ingefika ampea 170 hivi. Na kwa kuwa kila mashine hupoteza, ukweli wake uko kati ya 110 na 150. Fanya hesabu hii dukani, mbele ya muuzaji. Mashine isiyo na kibao kabisa usiinunue, hata ikiwa na kila kitu kingine.

Kwa chuma cha milimita 2 hadi 6 utatumia elektrodi za milimita 2.5 na 3.2, na kubwa kati ya hizo haihitaji zaidi ya ampea 130. Mashine ya 160 za kweli inakutosha na inabakiza akiba. U0 ikiwa kati ya volti 60 na 80, moto unawaka kwa urahisi. Angalia pia plagi za waya za mbele: zenye pini ya milimita 13 zinastahimili kuliko za milimita 9, ambazo hupata moto zikilegea. Feni isikilize mashine ikiwashwa, hewa itoke kwa nguvu upande mmoja. Vumbi la grainda ndilo linaloua inveta nyingi, kwa sababu feni hulivuta ndani na chembe za chuma huunganisha njia za umeme kwenye bodi. Iweke mashine mbali na mahali unaposagia, na kila baada ya wiki chache izime, ichomoe, isubiri dakika kadhaa, kisha ipulize kwa hewa kavu.

Kuhusu umeme: elektrodi ya 2.5 kwenye ampea 80 huvuta kama ampea 14 ukutani kwenye volti 230. Ile ya 3.2 kwenye ampea 110 huvuta karibu 20. Kwa hiyo ya kwanza inaweza kwenda na soketi nzuri yenye nyaya nzima, ya pili inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya umeme ya nyumba, waya wa shaba wa milimita za mraba 4 na breka ya aina ya C, inayostahimili mstuko wa kuwasha. Kazi hiyo mpe fundi umeme, na hakikisha ethi ya nyumba inafanya kazi kweli. Ekstensheni iwe ya milimita za mraba 2.5 na isizidi mita 20. Mita 50 za waya wa 1.5 hupoteza volti 20 hivi kwa mvuto wa ampea 14, mashine inashindwa, nawe unaidhania mbovu. Ikunjue yote kabla ya kuanza, maana waya uliobaki kwenye rola hauna pa kutolea joto na ganda lake huyeyuka. Ukitegemea jenereta, kwa elektrodi ya 2.5 tafuta ya kVA 5 au 6 yenye kidhibiti volti, na usiizime jenereta mashine ikiwa bado inachomelea.

Kitu kimoja zaidi. Nyaya zinazokuja na mashine nafuu mara nyingi ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kata nyuzi chache ukwangue kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, ni alumini. Zinafanya kazi kwa ampea ndogo, ila ukizibadilisha chukua shaba ya milimita za mraba 25. Na klipu ya ethi inayokuja nayo, ile ya bati jembamba, ibadilishe siku ileile. Matatizo mengi yanayoitwa "mashine haina nguvu" huanzia hapo.

Elektrodi zinanasa

SWALI: Elektrodi zangu zinanasa kwenye chuma kila ninapoanza, na nikifanikiwa mshono unajaa vitundu. Pakiti imeandikwa E6013. Nibadilishe aina?

JIBU: Usibadilishe aina bado. E6013 ndiyo inayomfaa anayeanza: inawaka kwa urahisi, slagi yake hubanduka vizuri, na inatumika kwenye umeme wa AC (unaogeuka-geuka) na wa DC (wa upande mmoja). Tarakimu mbili za kwanza, 60, ni nguvu ya mshono ya pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Ile 1 inasema inatumika mikao yote. Ya mwisho inaeleza aina ya ganda la unga na umeme unaofaa.

Kunasa kuna sababu nne za kawaida, na zifuate kwa mpangilio huu. Kwanza, ampea ni ndogo. Zidisha kipenyo cha elektrodi kwa 40, kisha toa 20: ya milimita 2.0 ianze na 60, ya 2.5 ianze na 80, ya 3.2 ianze na 110 hivi. Kwenye bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 2, teremka mpaka 65 au 70. Pili, klipu ya ethi imeshika rangi au kutu. Saga sehemu ya ukubwa wa kiganja mpaka ing'ae, na bana hapo. Tatu, unadonoa badala ya kukwangua. Kwangua kama unayewasha kiberiti, inua kwa unene wa elektrodi yenyewe, usizidi. Nne, ncha ya elektrodi iliyotumika ina kifuniko cha slagi kinachozuia umeme. Igonge kwenye chuma kikavu kabla ya kuiwasha tena.

Vitundu ni habari nyingine, na kwa sehemu kubwa ni unyevu, mafuta au umbali mkubwa wa moto. Elektrodi iliyolowa hutoa sauti ya kuchemka na kurusha matone, na ukiiangalia utaona unga mweupe juu ya ganda au kutu kwenye ncha tupu. E6013 inaweza kukaushwa kwa nyuzi 100 hadi 120 kwa saa moja hivi. Iliyopata kutu ndani au ganda lililopasuka, itupe. Tunza zilizobaki kwenye bomba la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Nunua pakiti ndogo unayoimaliza, hata kama kubwa inaonekana nafuu.

E7018 utaisikia ikisifiwa kwa viungo vyenye mzigo mzito, na sifa hiyo ni ya haki, lakini ganda lake linapaswa kuwa kavu kabisa. Ikifunguliwa huhifadhiwa kwenye oveni yake, na ikipata unyevu hukaushwa upya kwa joto kali zaidi, karibu nyuzi 350, kwa maelekezo ya mtengenezaji. Unyevu wake huingiza haidrojeni kwenye mshono, na mshono unaweza kupasuka saa nyingi baadaye, ukiwa umeshapaka rangi. Asiye na oveni na aendelee na 6013.

Kama chuma ni chembamba na kinatoboka, badilisha nyaya mbele ya mashine ili holda iwe upande hasi. Joto halitapenya sana, na matundu yatapungua.

Mchanga machoni usiku

SWALI: Natumia helmeti inayojitia giza yenyewe. Juzi nilichomelea nusu saa, usiku macho yakauma kama yamejaa mchanga. Helmeti ni mbovu?

JIBU: Hayo ni maumivu ya mionzi ya urujuanimno, na huja saa kadhaa baada ya kazi, kwa kawaida 6 hadi 12. Usiyasugue macho. Kaa gizani, na uende kwa daktari, hasa maumivu yakizidi siku mbili au uoni ukififia. Usitumie dawa ya ganzi ya macho kwa kujitibu, kwani huchelewesha kupona.

Helmeti halali huzuia mionzi hiyo muda wote, hata betri ikiwa imekufa na kioo kikiwa hakijatia giza, kwa sababu kizuizi kimo kwenye kioo chenyewe. Kwa hiyo kwanza chunguza mambo mawili: je, uliwahi kushikiza vipande kwa nukta ya mshono ukiwa umefumba macho tu bila helmeti? Kope hazitoshi. Na je, kulikuwa na ukuta mweupe au bati linalong'aa nyuma yako? Mwanga hurudi na kuingia kupitia pengo la nyuma ya kichwa. Hayo mawili yasipokuhusu, itilie shaka helmeti.

Unaponunua, tafuta alama ya kiwango cha EN 379 au ANSI Z87.1 kwenye kioo chenyewe, siyo kwenye kisanduku pekee. Vihisi vinne ni bora kuliko viwili, kwa sababu mkono au bomba likiziba kimoja vingine vinaona. Kwa elektrodi za 2.5 na 3.2 weka giza namba 10 au 11. Kabla ya kila kazi ielekeze helmeti kwenye jua au uwashe kiberiti cha gesi mbele ya vihisi: isipotia giza, usiivae. Kioo cha plastiki cha nje kinachojaa matone kibadilishe mapema. Ukiwa huoni vizuri utasogeza uso karibu na moshi.

Watoto na majirani hawana helmeti. Weka pazia la kuchomelea au bamba kati yao na moto.

Diski kubwa kwenye grainda ndogo

SWALI: Grainda yangu ni ya milimita 115. Nikiondoa kinga, diski ya 180 inaingia na inakata kwa kina. Kuna ubaya?

JIBU: Ndiyo, iondoe diski hiyo leo. Tundu la diski hizo mbili ni lilelile, milimita 22.23, ndiyo maana inaingia. Lakini grainda ya 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na diski ya 180 imeandikwa mwisho wake ni 8,500 hivi. Ukingo wake utakimbia mita 104 kwa sekunde badala ya 80 zilizoruhusiwa, na nguvu inayojaribu kuipasua itaongezeka kwa theluthi mbili. Ikipasuka, vipande huelekea usoni, tumboni na kwenye paja, na kinga ndiyo uliyoiondoa.

Kwa 115, diski ya kukatia ya unene wa milimita 1 inakata haraka na kwa joto dogo. Isitumike kusagia ubavuni hata kidogo. Kwa kusaga kuna ya milimita 6, na kwa kulainisha kuna diski ya vipande vya msasa namba 60 au 80. Soma tarehe iliyogongwa kwenye pete ya chuma ya katikati, maana gundi huzeeka na diski zilizopita tarehe hazifai. Diski mpya iache izunguke bure nusu dakika ukiwa umesimama pembeni. Miwani ivae hata chini ya ngao ya uso. Kukata kwa kina zaidi, geuza kipande na ukate upande wa pili.

Msumeno unaong'oka meno

SWALI: Blade za msumeno wa chuma zinang'oka meno nikikata mabomba. Ninunue za gharama?

JIBU: Nunua zenye meno madogo zaidi. Kanuni ni kwamba meno matatu yawe juu ya chuma kwa wakati mmoja. Meno 24 kwa inchi yanafaa ukuta wa kuanzia milimita 3, meno 32 kwa ukuta wa milimita 2.5 au chini kidogo, na 18 kwa vipande vizito. Kwa bomba jembamba, kata mpaka ukuta upenywe, zungusha bomba kidogo kuelekea mbele yako, endelea. Meno yaelekee mbele, blade ikazwe mpaka itoe mlio ikiguswa, na taratibu ziwe mipigo 50 hivi kwa dakika. Blade za metali mbili, mgongo unaopinda na meno magumu, zinastahili gharama yake.

Biti zinazoungua

SWALI: Biti za kutobolea zinageuka bluu baada ya tundu moja.

JIBU: Unazungusha kasi mno na kukandamiza kidogo mno. Biti ya HSS (chuma kigumu cha kukatia kwa kasi) ya milimita 10 kwenye chuma laini inataka mizunguko 800 hadi 900 kwa dakika, ya milimita 6 inataka 1,300 hadi 1,500. Gonga senta panchi, tia tone la mafuta, kandamiza mpaka utoke utepe wa chuma. Ukiona vumbi tu, biti inasugua badala ya kukata. Kwa matundu zaidi ya milimita 8 anza na la milimita 4. Rangi ya dhahabu juu ya biti za bei ya chini haibadilishi ubora wa chuma kilicho chini yake. Nunua chache za HSS zenye ncha ya nyuzi 135, ambazo hazitangitangi juu ya chuma.

Mashine ya waya isiyo na gesi

SWALI: Nimeambiwa mashine ya waya isiyotumia gesi ni rahisi kuliko elektrodi. Niache kununua inveta?

JIBU: Inategemea unene. Kwa bati la milimita 1 hadi 1.5 waya ni rahisi kweli, na elektrodi hutoboa. Kwa milango na meza za milimita 2 kwenda juu, inveta ya elektrodi ni nafuu, nyepesi, na ina vitu vichache vya kuharibika. Ukinunua ya waya, hakikisha inakuruhusu kubadilisha upande hasi na chanya. Waya wenye unga ndani unaojikinga wenyewe hutaka bunduki iwe upande hasi, tofauti na waya wa gesi unaotaka chanya. Wengi hawabadilishi, wanapata matone mengi na mshono uliokaa juu bila kupenya, wanalaumu waya. Roli za kusukuma ziwe zenye mikwaruzo, zikazwe kwa kiasi: roli laini huteleza, na zikikazwa mno hubonda waya wenye uwazi. Moshi wake ni mwingi kuliko wa waya wa gesi, basi fanyia kazi mlangoni au nje.

Homa baada ya mabomba ya zinki

SWALI: Nikichomelea mabomba yaliyopakwa zinki, usiku napata homa na baridi, asubuhi imepita. Nifanye nini?

JIBU: Ni homa ya moshi wa metali. Zinki inaungua kabla chuma hakijayeyuka, na moshi mweupe unaouona ndio unaouvuta. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, lakini kupita kwake si ruhusa ya kurudia. Ukipumua kwa shida au homa isipopungua, nenda hospitali. Saga zinki milimita 50 kila upande wa kiungo, ukiwa na barakoa ya chembechembe ya P2 au FFP2 kwa uchache, kisha chomelea mahali pa wazi upepo ukitokea ubavuni mwako. Baada ya kazi paka rangi yenye zinki pale ulipokwangua. Na kabla ya kuchomelea kitu chochote, usikisafishe kwa dawa ya breki yenye klorini. Mabaki yake yakipata joto na mwanga wa kuchomelea hutengeneza fosijini, gesi ya sumu inayoweza kuua. Tumia sabuni na maji, kausha kabisa, ndipo uwashe.